Zinazotoka

Za kuingia zilikuwa zinaingia:
matangazo ya viatu, salamu za Idi zilizochelewa,
risiti ya luku, dua ya kusambaza kwa watu kumi,
na barua za Mwantumu kutoka Mtwara,
fupi, bila nukta, kama za mtu anayeandika amesimama.

Za kutoka hazikutoka.
Nabonyeza Tuma, kitufe kinazama, kinarudi,
barua inalala kwenye kikasha toezi
kama robota la mkonge lililokosa behewa.
Siku kumi na tisa.

Ya kwanza nilimjulisha hali.
Ya pili nikamuuliza, kwa upole, habari za kitanda.
Ya tatu niliiandika usiku, umeme umekatika,
mgongo unauma, betri imebaki asilimia tisa:
*Samadari ya mama umeiuza hata bila kuniuliza.
Wewe si mtoto wa mama, wewe ni dalali.*
Nikabonyeza Tuma mara tatu.
Ya nne: *Mbona kimya?*
Ya tano na ya sita, za kuomba radhi.
Ya saba ilikuwa picha ya paka.

Leo kaja Hizza, kijana wa steshenari ya Makorora,
kavua viatu mlangoni, kaketi mbele ya kompyuta.
"Shangazi, kupokea mko sawa. Kinachogoma ni kutuma.
Seva ni mbili. Hii ya kuingizia, hii ya kutolea."
Miaka yote nilidhani ni mlango mmoja.
"Hata nyumba hii," akasema, "si ina mlango wa uani?"

Akasoma namba iliyokuwapo: ishirini na tano.
"Huu umefungwa zamani. Wahuni waliupitishia taka."
Akafuta. Akaandika mia tano themanini na saba.
Mimi mzaliwa wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
mtaa wangu haukupewa jina, ulipewa hesabu;
sikushangaa namba kuwa njia.
Nilishangaa kwamba mtu anaweza kupotea barabara
siku kumi na tisa
naye ameketi.

Akachagua usimbaji, wa njiani wasisome.
Akatia alama ya vema: *seva inahitaji uthibitisho*.
Uthibitisho wa nini tena? Si nilishajitambulisha?
"Ulijitambulisha kuchukua, shangazi. Kutuma ni habari nyingine."
Akageuza uso dirishani, ana adabu,
nami nikaandika nywila: jina la utani la mama,
herufi nane, zikatokea vitone vinane vyeusi
kama mbegu za papai kwenye sahani.

Akajitumia neno moja, *jaribio*.
Simu ikatetemeka mfukoni mwake.
"Tayari."

Nikaenda kummiminia kahawa, nikamkatia na kashata.
Ndipo nikasikia mlio mwembamba,
fyuu,
kama mtu anapuliza vumbi kwenye kitabu.
Kikasha kikasoma sita.
Fyuu. Tano.
"Hizza! Izuie ya tatu!"
"Ya tatu ipi?"
Fyuu.

Nikauvuta waya wa intaneti ukutani,
ukatoka na kipande cha plasta.

Kimya. Zimebaki nne:
swali, radhi, radhi, na paka.
Ile iliyopaswa kufa njiani
imepita mlango mpya, imejitambulisha
kwa jina la mama, herufi nane,
ikapokewa kwa heshima zote.

Hizza ameshika waya kwa vidole viwili,
kashata bado iko shavuni.
"Shangazi, nichomeke?"

Nikawaza kuandika ya nane, ya kueleza ya tatu,
lakini ya nane ingepanga foleni nyuma ya paka.

Chomeka, nikasema. Chomeka, mwanangu, upesi,
kabla hajafika mstari wa pili.